Zamu ya Bi Mdogo

Bi Mkubwa alikufa asubuhi, mimi nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na wala hakuaga. Taa yake ya mbele ilipepesa, feni ikakohoa, ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua, basi. Kabla hujanipa pole nikuambie kwamba Bi Mkubwa ni seva. Ni kompyuta nyeusi ya chuma, nzito kama kabati la vyombo, iliyofungwa kwenye rafu moja na mwenzake Bi Mdogo, katika kichumba chenye kiyoyozi juu ya duka la rangi.

Majina hayo aliyatoa Kipara, mwenzangu wa kazi, ambaye ana nywele nyingi kuliko mimi. Alinyolewa shuleni kwa sababu ya chawa, na jina likamganda hadi leo ana wajukuu. Alisema seva mbili zinazogombea diski moja ni mitala, hakuna jina lingine. Siku za kawaida zamu ni ya Bi Mkubwa. Yeye anashika diski, yeye anamjibu kila anayefungua tovuti yetu, na Bi Mdogo kazi yake ni kusikiliza kama mwenzake bado anahema. Asiposikia pumzi, anachukua diski na kazi yote, na anayetumia tovuti hatakiwi hata kujua kwamba nyumba imebadili mwenye zamu.

Kazi yetu ni kuficha wanawake. Nasema hivyo kwa sababu wakubwa wetu hupenda maneno marefu, lakini ukiyakamua yote hutoka hilo moja. Mwanamke ana mume atakayemuua, anatuandikia kwenye tovuti, Dereva anamfuata, analala kwenye nyumba ambayo mume hawezi kuijua. Tovuti ina sura mbili. Ya mbele ni ya kila mtu: makala za sheria, ushauri, na kisanduku cha kutafutia, ukiandika “talaka” unaletewa kila tulichoandika kuhusu talaka. Ya nyuma ni ya wachache. Humo mwanamke anaandika alipo, Dereva anasoma aende wapi, na walezi wa zile nyumba wanaandika nani amefika, nani anaumwa, na gari lisimame wapi siku ikibidi kukimbia. Hayo yote yanakaa katika folda moja ndani ya diski ile.

Mdogo wangu alikuwa humo. Nilimleta mimi mwenyewe, jicho moja limefumba, nikamkabidhi kwa Dereva pale chini mlangoni, na gari lilipokata kona nikawa sijui tena alipo. Yaani nilichagua kutojua. Nilikuwa na nywila kuu, na mwenye nywila kuu hazuiliwi na mlango wowote. Ningeweza kuifungua folda ile huku nakunywa chai. Sikuifungua hata siku moja. Mumewe alikuwa akinipigia simu kila siku, sauti laini kama ya mtu wa benki. “Dada, hujambo? Sitaki ugomvi. Niambie tu yuko wapi.” Nami namjibu, “Sijui, shemeji.” Ni mpima ardhi. Mtu wa kamba na darubini ya miguu mitatu, anayeujua mji huu kiwanja kwa kiwanja, na uvumilivu wake ndio uliokuwa ukinitisha kuliko ngumi zake.

Sasa, ofisi yetu ina kanuni moja ambayo Mkurugenzi huirudia mpaka masikio yanawasha: mtu mmoja asijue yote. Dereva anajua barabara, hajui majina. Walezi wanajua majina, hawajui nyumba za wenzao. Mkurugenzi mwenyewe anawajua walezi kwa sauti, hajui milango yao. Na sisi mafundi wawili tuligawiwa vivyo hivyo. Bi Mkubwa nilimpanga mimi peke yangu, Bi Mdogo alipangwa na Kipara peke yake, na ilikuwa mwiko kuchungulia kazi ya mwenzio. Tulipojaribu kubadilisha zamu tulijaribu diski ikiwa tupu, kabla folda haijawekwa, maana kwa kanuni hiyohiyo hakuna aliyeruhusiwa kuweka humo hata karatasi ya uongo. Tupu ikafunguka vizuri sana. Tukapongezana.

Kwa hiyo Bi Mkubwa alipokata roho, Kipara alitazama skrini, akaona taa ya kijani kwa Bi Mdogo, akapiga makofi mawili. “Umeona? Hata hakutetereka. Mke mdogo ana nguvu.”

“Usimsifie mapema,” nikamwambia. Nilisema kwa mzaha.

Tukahangaika na maiti. Tulimtoa Bi Mkubwa kwenye rafu, tukamfungua, tukamkuta kifaa chake cha umeme kimeungua hadi kimekunjamana. Kipara akaanza kupiga simu kutafuta kingine. Tulikuwa tumekaa sakafuni, bisibisi mkononi, tukibishana kama tununue kipya au kilichotumika, wakati mdogo wangu alikuwa anauzwa. Nikikumbuka ubishi ule hasira zinanipanda hata sasa.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Mlezi mmoja, mama mtu mzima ambaye sijawahi kumwona ila sauti yake ya mafua naijua.

“Mwanangu, ukurasa hautaki. Nabonyeza, unaniambia huna ruhusa.”

“Umeandika nywila sawasawa, mama?”

“Nimeandika nywila hiyo tangu wewe hujaajiriwa.”

Nikamwambia abaki hewani, nikakilaza kipokeo cha simu mezani kando ya kikombe changu. Kabla sijakaa, Mkurugenzi aliingia bila kubisha. Ni mwanamke mfupi, mnyoofu, asiyekimbia, na siku hiyo alikuwa amekimbia ngazi.

“Dereva hafunguliwi,” alisema. “Kuna msichana amejificha kwenye zahanati, ametuandikia jana, anatakiwa kuchukuliwa sasa hivi. Dereva yuko barabarani anazunguka, hajui zahanati gani, na mimi kwa kanuni sionyeshwi mahali. Kuna nini?”

“Bi Mdogo anakataa kuwafungulia folda,” Kipara akajibu.

“Basi mfungulie.”

“Tunaangalia, mama.”

“Msiangalie. Fungueni. Wekeni kila mtu aingie, yaishe, mtarekebisha kesho.”

Hilo linawezekana, na ndilo ugonjwa wa mafundi wote duniani. Mlango ukikusumbua, unaandika amri moja fupi ya kuwaruhusu wote, na mlango hausumbui tena. Kipara alishakaa kwenye kiti chake, ameshaandika nusu ya amri. Nilimshika mkono.

“Usithubutu. Ukiruhusu wote, umemruhusu na yule wa mbele, wa kisanduku cha kutafutia. Yule anasoma chochote anachoruhusiwa kusoma na kukitoa hadharani. Ndiyo kazi yake.”

“Wewe dada,” Mkurugenzi alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa, “yule msichana ana mimba. Amejifungia chooni. Unataka nimwambie asubiri adabu za kompyuta?”

Nywila yangu kuu ingeifungua folda ile, lakini nilishaapa kutoifungua, nikatumaini kosa ni dogo. Nilimwomba Kipara kiti chake. Alisita, maana Bi Mdogo ni wake na mwiko ni mwiko, kisha akanyanyuka shingo upande. Nikaandika amri ya kuuliza swali dogo tu: folda hii ni ya nani?

Kwa Bi Mkubwa jibu lingekuwa “mapokezi”. Hiyo ni akaunti ya sura ya nyuma, mtumishi ambaye ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuigusa folda. Bi Mdogo akanijibu: “utafutaji”.

Nililisoma jibu, nikalisoma tena. Utafutaji ni yule mtumishi wa kisanduku cha mbele.

“Kipara,” nikasema, “ulipompanga Bi Mdogo, ulianza kuweka huduma gani?”

“Utafutaji. Ni mwepesi, nikaanza nao. Halafu mapokezi. Kwani wewe?”

“Mimi nilianza na mapokezi.”

Alinitazama, nikaona rangi inamtoka usoni polepole. Mkurugenzi akatutazama wote wawili, akasema tuzungumze lugha ya watu.

Lugha ya watu ni hii. Diski haijui majina, inajua namba. Kila mtumishi anapowekwa kwenye seva hupewa namba, kwa kufuata foleni ya kuingia. Kwangu mapokezi aliingia kwanza akapewa 101, utafutaji akapewa 102. Kwa Kipara ikawa kinyume. Juu ya folda imeandikwa tu kwamba ni mali ya 101. Kwa hiyo zamu ilipohamia kwa Bi Mdogo, 101 alikuwa utafutaji. Mwenye nyumba akafungiwa nje, na mpiga mbiu wa mtaa akakabidhiwa funguo. Hakuna aliyeandika amri mbaya. Kila mmoja wetu aliandika sawasawa, chumba chake, mlango umefungwa, kama kanuni ilivyotaka.

Nilichukua simu yangu ya mkononi, nikafungua tovuti kama mpita njia yeyote, nikaandika kwenye kisanduku neno moja: geti. Yalikuja majibu mengi. Geti jeusi, karibu na. Geti la bati, mkabala na. Geti la kijani, nyuma ya. Chini ya kila jibu kulikuwa na majina ya wanawake.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka niko nyuma ya rafu, natafuta waya wa mtandao kati ya nyaya nyingi, halafu nikauchomoa. Nikabaki nimeushika. Sasa tovuti nzima ilikuwa imezimika, mbele na nyuma, na yule msichana wa chooni hakuwa hata na pa kuandikia. Mkurugenzi alifunika mdomo kwa kiganja. Kipara alikuwa anarudia kwa sauti ya chini, “Mimi nilianza na chepesi, nilianza na chepesi tu.”

“Nyamaza,” nikamwambia. “Tuone nani aliuliza.”

Kila neno linaloandikwa kwenye kisanduku kile huhifadhiwa kwenye diski ile ya pamoja. Nikayateremsha tangu zamu ilipobadilika. Talaka. Malezi ya watoto. Wakili wa bure. Talaka. Kisha nikaona jina la mdogo wangu, majina yake yote matatu, yamepangwa kama kwenye cheti cha ndoa.

Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za jana, za juzi, za wiki zilizopita. Lilikuwepo. Kila siku, kutoka simu ileile, mtu mmoja alikuwa anaandika majina yale matatu, na kila siku alijibiwa kwamba hakuna kilichopatikana, na kesho yake aliandika tena. Mvumilivu yule. Leo alijibiwa. Seva iliandika kwamba jibu lilifunguliwa, likasomwa hadi mwisho.

“Shemeji amepata,” nikasema. Ilitoka sauti ndogo sana.

Mkurugenzi hakuuliza shemeji yupi. “Nyumba ya mlezi gani?”

Simu yangu ilikuwa bado na majibu yale: geti la kijani, na chini yake jina la mdogo wangu. Jina la mlezi lilikuwa la mama mwenye mafua. Mkurugenzi akapiga simu yake. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akapiga tena, akazungukazunguka kichumba kile kisicho na pa kuzunguka, akalaani mtandao, akapiga tena. “Anaongea na nani huyu mama asubuhi yote?”

Ndipo nikaona kipokeo kimelala mezani kando ya chai iliyopoa. Alikuwa anaongea na sisi. Tulimwambia abaki hewani, na mama wa watu akabaki.

Nilikirukia. “Mama, upo?”

“Nipo, mwanangu. Nimeshapika na kuepua.”

“Mama, geti lako ni la kijani?”

Ile sauti ya mafua ikawa ngumu. “Huna ruhusa ya kuniuliza hilo.”

“Mama, nakuomba, ni mimi, fundi wa—”

“Najua ni wewe. Huna ruhusa.”

Nilitaka kulia na kumbusu kwa wakati mmoja. Mkurugenzi alininyang'anya kipokeo, akatamka neno lao la siri, neno la kawaida tu, jina la tunda, ambalo nilikuwa nimefanya kazi pale miaka bila kujua kwamba lipo. Upande wa pili kiti kiliburutwa. Tukamsikia Mlezi anaita, bila kupaza, “Wanangu, viatu. Acheni vyote, vaeni viatu. Mlango wa nyuma.”

Halafu tukasikia geti linagongwa. Mara tatu, taratibu.

“Hodi,” ilisema sauti kwa mbali. “Hodi wenyewe.”

Niliijua. Ningeijua hata ndani ya kelele za soko. Mlezi alinong'ona, “Sikati,” na tukasikia simu ikitumbukizwa kwenye kitambaa, mfuko wa aproni bila shaka, na miguu yake ikitembea kuelekea getini.

“Watatoka nyuma,” Mkurugenzi aliniambia, “halafu? Gari lisimame wapi? Mlezi ndiye ajuaye, na yuko getini. Mimi sijui. Dereva hajui.”

“Imeandikwa kwenye folda.”

“Folda imefungwa.”

“Kwangu haijafungwa,” nikasema.

Kipara alinitazama, akaelewa, akageuka ukutani bila kuambiwa. Nilikaa kwenye kiti chake, na vidole vilivyokataa kuifungua folda ile tangu siku ile ya jicho lililofumba vikaifungua. Mlezi wa geti la kijani. Nyuma ya ghala la magodoro, mtaa wa mafundi seremala. Watu waliomo: jina moja, jina la pili, na la mdogo wangu, na mbele yake Mlezi ameandika mwenyewe: analala vizuri sasa, anaimba akifua. Nilipita juu ya maneno hayo mbio. Gari lisimame kwenye uchochoro wa mlango wa mizigo, upande wa mti uliokatwa.

Nikampigia Dereva kwa simu ya Kipara, nikamsomea. Alikuwa mtu wa maneno machache. “Nipo karibu,” akasema. “Karibu sana?” “Pua na mdomo.” Akakata.

Ikabaki kusikiliza. Mkurugenzi aliweka kipokeo katikati ya meza, tukainama watatu juu yake kama watu wanaoota moto.

“Unasemaje?” Mlezi alikuwa anasema.

“Nasema mimi ni mpima ardhi, mama. Nimekuja kuhakiki mipaka. Naomba unifungulie.”

“Unahakiki mikopo?”

“Mipaka, mama. Mipaka ya kiwanja.”

“Sema kwa nguvu, masikio yangu haya yameshachoka.”

Alijitia hamnazo kwa ufundi ambao sijawahi kuuona. Alimuuliza anatoka ofisi gani, akamfanya arudie. Alitaka kitambulisho kipitishwe chini ya geti. Akasema hana miwani. Akaenda kutafuta miwani, tukamsikia anasimama tu mahali, anahema ndani ya mafua yake, anahesabu kimoyomoyo hatua za watu wengine. Akarudi. Akasema miwani imevunjika. Na yule bwana alikuwa anamjibu kwa upole, “Hakuna shida, mama,” “Usijali, mama,” na upole wake ulikuwa unapungua kidogo kidogo, hadi ukabaki mfupi.

“Fungua geti.”

“Kwa nini unanipandishia sauti, mwanangu?”

Kilisikika chuma kinapiga ukuta. Mlezi alitoa mlio mdogo wa mtu aliyeanguka vibaya. Viatu vikapita, vya haraka, milango ikafunguliwa mmoja mmoja, kila mlango nikiuhesabu bila kutaka. Simu ya Kipara ikatetemeka mkononi mwangu. Dereva. “Nimewapata. Naondoka.”

“Wangapi?” nikauliza, maana sikuweza kuuliza jina.

“Wote waliotoka,” akasema, akakata.

Wote waliotoka. Nilimchukia Dereva kwa neno hilo. Ndani ya kipokeo viatu vilirudi, sasa polepole. Vikasimama. Kitambaa kikakwaruza, bila shaka akaiona namba ya ofisi yetu kwenye simu, na sauti ikaja karibu, safi, kana kwamba tumekaa kochi moja.

“Dada. Hujambo?”

Mkurugenzi akanisogezea kipokeo.

“Chai ni ya moto,” akasema. “Sahani tatu. Kitenge chake kiko kwenye kamba, kinatiririka maji. Mna kazi nzuri, hongera. Yuko wapi?”

“Sijui.”

“Kila siku unaniambia hujui. Mimi ni mtu wa vipimo, dada, siamini maneno. Wewe ndiye mwenye funguo za nyumba yote hiyo. Ukitaka kujua, unajua. Kwa hiyo siku ukichoka, utaniambia. Nami sichoki.”

Nyuma yake zilisikika sauti za wanaume wengi, zinauliza kuna nini, mama kaanguka, nani huyu. Wabebaji wa ghala la magodoro walikuwa wamesikia geti. Shemeji akawaambia kwa sauti yake ya benki kwamba bibi ameteleza, wampe huduma, na yeye ana haraka. Simu ikawekwa chini kwa adabu. Walipomnyanyua Mlezi mkono wake ulikuwa umevunjika, na jambo la kwanza aliloliuliza, alituambia baadaye, lilikuwa kama tumeshauponya ule ukurasa.

Tuliuponya. Niliifanya kazi hiyo nikiwa sina hata machozi ya kunisumbua. Tulizima watumishi wote wawili kwa Bi Mdogo. Kipara alisoma namba za Bi Mdogo kwa sauti, mimi nikazisoma za Bi Mkubwa kutoka kwenye diski ndogo ya ndani yake, tukavunja mwiko tukiwa tumekaa bega kwa bega, tukampa mapokezi 101 yake na utafutaji 102 yake. Tukafuta kila kitu ambacho utafutaji alikuwa amekisoma asubuhi ile. Tukaweka faili ya uongo ndani ya folda, tukajaribu kuiona kwa kila mlango. Nikarudisha waya. Ukurasa wa Dereva ukafunguka, akaiona zahanati, na yule msichana akatolewa chooni akiwa amelala kwa uchovu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyumba zote zilizotokea kwenye kisanduku zilihamishwa jioni hiyohiyo, wanawake na vyungu vyao.

Mkurugenzi alirudi jua likielekea kuzama. Alikaa juu ya boksi la Bi Mkubwa, akavua viatu.

“Alikuwa garini,” akasema. “Hana hata mkwaruzo. Ameulizia kama ni wewe uliyetuma gari, nikamwambia hatusemi.”

Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, kwa kwikwi, nikaifuta pua kwa kitambaa cha kufutia vumbi skrini. Kipara akanipa mgongo na kujifanya anapanga nyaya.

“Leo usiku atapelekwa mbali,” Mkurugenzi aliendelea. “Mbali hasa. Mlezi mpya ataandika kesho.”

“Kwenye folda.”

“Wapi tena? Kwenye folda.”

Niliwaza sahani tatu, na mtu asiyechoka. Nilijiwaza mwenyewe, miezi ijayo, siku ya kuumwa, siku ya kupigwa, siku atakaponisubiri ngazini, na mimi nina funguo. Leo asubuhi nilidhani kutofungua kunatosha. Kisha nikafungua, na sikujuta, na hilo ndilo lililonitisha.

“Mama,” nikasema, “niondoeni.”

“Kazini?”

“Kwenye folda. Folda ifungwe kwa nywila mbili, nusu yako, nusu ya Kipara, mimi nisiwe na yoyote. Nitaendelea na mashine. Hilo moja niondoeni.”

Mkurugenzi akavuta viatu vyake karibu. “Hutajua kama yuko hai.”

“Najua hilo.”

Niliiandika amri mwenyewe, kwa sababu Kipara alikuwa bado anakosea herufi na mimi sipendi kazi ya hovyo. Nilipofika mwisho nikasimama, nikageukia ukuta, nao wakaingiza nywila zao mmoja mmoja, nikisikia vibonye tu. Kisha Kipara akasema, “Jaribu.”

Nikakaa. Nikaandika jina langu na nywila yangu kuu ambayo ilikuwa haijawahi kukataliwa popote. Bi Mdogo akafikiri kidogo. Huna ruhusa.

Simu yangu ililia nikiwa bado nayasoma maneno hayo. Hakuwa amechoka kweli. Nikapokea.

“Dada, hujambo? Yuko wapi?”

“Sijui, shemeji,” nikasema.

Safari hii hakuuliza tena. Nadhani aliisikia tofauti, maana ni mtu wa vipimo. Mimi nilikuwa naangalia kwenye skrini mahali ambapo kesho mtu nisiyemjua angeandika kama mdogo wangu analala vizuri, na kama bado anaimba akifua.